Kiwanja kwa jina la shemeji: kisa cha mwekezaji mgeni mjini Kigoma

Mfanyabiashara mmoja wa Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, alihamia Kigoma akiwa na kibali cha ukaazi cha daraja A, akiba ya shilingi milioni 60 na nia ya kujenga vyumba vya kupangisha. Kazi yake ni kununua saruji, mabati, sabuni na vyombo vya plastiki upande wa Tanzania na kuvisafirisha kwa boti za mizigo zinazopakia Kibirizi. Si mkimbizi, na hilo linafaa kusemwa mapema, kwa sababu mjini Kigoma Mkongomani mgeni hudhaniwa haraka kuwa ametoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mkimbizi anaishi chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998, inayomtaka akae katika eneo lililotengwa, ilhali huyu aliingia kama mfanyabiashara na shughuli zake zina leseni. Dada yake mdogo ameolewa Ujiji, na mume wa dada huyo, ambaye nitamwita shemeji kama wanavyoitana wenyewe, ndiye aliyempokea, akamtafutia chumba mtaa wa Mwanga hapo mjini, akamtambulisha kwa wenye boti na hatimaye akamtafutia kiwanja. Majina nimeyaacha, na mambo machache yanayoweza kuwatambulisha wahusika nimeyabadilisha.

Mpango waliokuja nao kwangu kuomba ushauri ulikuwa umekamilika, isipokuwa karatasi moja. Kiwanja kilikuwa kando ya ziwa, upande wa Kibirizi, na bei yake ilikuwa shilingi milioni 18, ambazo milioni 3 kati yake muuzaji alikwisha kupokea kama advansi. Hati ya mauziano ingeandikwa kwa jina la shemeji mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mgeni angejenga vyumba sita kwa takriban milioni 40 na kupokea kodi yote. Karatasi iliyobaki ilikuwa mkataba wa pembeni kati yao wawili, wa kueleza kwamba fedha na nyumba ni vya mgeni na kwamba shemeji ameazimisha jina tu. Huo ndio waliotaka uandikwe.

"Shemeji, mimi na wewe hatuna shida," alisema mwenyeji mbele yangu. "Karatasi ni ya kuwatuliza watoto, wasije wakagombana sisi tukiwa hatupo."

Sina shaka kwamba alisema kweli. Katika kisa hiki hakuna tapeli, na kwa sababu hiyo nimeona kinafaa kuelezwa kwa kirefu. Visa vingi vinavyosimuliwa kuhusu wageni na ardhi huwa na dalali mwongo au kiwanja kilichouzwa mara mbili, na msomaji huondoka akidhani kwamba akimpata mtu mwaminifu yuko salama. Hapa kila mtu alikuwa mwaminifu, na bado mpango ulikuwa mbovu.

Mgeni asiyejiona mgeni

Jambo la kwanza nililotaka kulielewa ni jinsi mtu makini, anayehesabu kila mfuko wa saruji unapopanda na kushuka kwenye boti, alivyofikia kutoa milioni 3 bila kumuuliza mtu yeyote nje ya ukoo. Jibu nililolipata ni kwamba hakujiona mgeni. Kiswahili amezaliwa nacho, na lafudhi yake humtambulisha lakini haimzuii. Mgeni asiyejua Kiswahili hulazimika kuajiri wakili mapema kwa kuwa hata kibao cha ofisi hawezi kukisoma, na kwa gharama hiyo ananunua pia maelezo ambayo hakujua kwamba anayahitaji. Huyu alisoma vibao vyote, akaelewa mazungumzo yote, akaona hana la kuuliza.

Ujiji yenyewe ilimzidishia imani hiyo. Mji ule una koo za Wamanyema ambazo asili yake ni Kongo ya mashariki tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu ya karne ya 19, na wajukuu wa koo hizo wana nyumba, mashamba na viwanja. Alikutana na watu wenye majina kama ya kwao, wanaopika kama kwao, wenye hati za ardhi ndani ya makabati yao. Aliyaona majina na hati, lakini hakuuona uraia, kwa sababu uraia hauonekani kwa macho.

Pia aliamini kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshaondoa tatizo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga Aprili 2022 na kuwa mwanachama kamili Julai ya mwaka huo, na mazungumzo ya bandarini yaliyofuata yalijaa matumaini ya kila aina. Hata hivyo, Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inazungumzia ardhi katika ibara ya 15, na inachosema ni kwamba upatikanaji na matumizi ya ardhi na majengo utaongozwa na sera na sheria za kila nchi mwanachama. Uanachama wa Kongo, kwa hiyo, haukumwongezea haki yoyote juu ya kiwanja cha Kigoma. Kwenye biashara ya bidhaa umemsaidia, na pengine ndiyo sababu alidhani unafika hadi kwenye ardhi.

Alikuja pia na mazoea ya kwao. Kwa sheria ya Kongo ya 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya dola, na raia hupewa haki ya kudumu inayothibitishwa kwa cheti cha usajili, ambacho baada ya miaka miwili hakiwezi tena kushambuliwa mahakamani. Mtu aliyekulia katika utaratibu huo huipa karatasi uzito mkubwa, na anapofika nchi nyingine hutafuta karatasi kwanza. Alichokuwa bado hajakitenganisha ni karatasi inayotoa haki na karatasi inayoeleza tu kwamba watu wawili walikubaliana jambo. Sheria hiyo hiyo ya kwao haimpi mgeni haki ya kudumu. Raia wa kigeni Kongo hupata haki za muda. Nilipomkumbusha hilo alicheka, kwa sababu alilijua muda wote, ila hakuwahi kufikiri kwamba siku moja yeye ndiye angekuwa raia wa kigeni.

Sheria inavyosema

Sheria ya Ardhi ya 1999, Sura ya 113, inaanza kwa kutamka kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na iko chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Anachopewa mtu ni haki ya kuitumia kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99, pamoja na masharti ya uendelezaji. Kifungu cha 20 kinasema kwamba asiye raia hatapewa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa chini ya sheria ya uwekezaji. Ardhi ya namna hiyo hutengwa, hutangazwa na kukabidhiwa mamlaka ya uwekezaji, ambayo humpa mwekezaji haki inayotokana na miliki yake yenyewe. Kazi hiyo ilikuwa ya Kituo cha Uwekezaji Tanzania, ambacho mwaka 2025 kiliunganishwa na mamlaka ya maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje, kikawa TISEZA. Ardhi ya kijiji ina sheria yake, Sura ya 114, na milango yake kwa mgeni ni myembamba zaidi. Ndiyo maana ushauri wa "nenda nje ya manispaa, huko vijijini hakuna masharti", ambao mgeni wetu aliupata kwa zaidi ya mtu mmoja, ulikuwa kinyume kabisa cha ukweli.

Je, asiingie kwa mlango huo wa uwekezaji? Sheria ya Uwekezaji ya 2022, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na sheria mpya mwaka 2025, iliweka kiwango cha chini cha mtaji kwa mradi unaotaka kutambuliwa: dola 50,000 za Kimarekani kwa mradi wa Mtanzania, na dola 500,000 kwa mradi wa mgeni. Akiba ya shilingi milioni 60 haikufikia hata kiwango cha kwanza, na mgeni alipimwa kwa kile cha pili. Mtu anaweza kulalamika kwamba kiwango hiki kimewekwa kwa kuwafikiria wenye hoteli na viwanda, wala si wafanyabiashara wa ziwani ambao ndio wageni halisi wa Kigoma. Nadhani lalamiko hilo lina haki yake. Lakini mgeni hajengi juu ya lalamiko.

Tukarudi kwenye mkataba wa pembeni. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 23, inahesabu lengo la makubaliano kuwa si halali pale ambapo likiruhusiwa litaivunja nguvu sheria nyingine, na makubaliano ya namna hiyo ni batili. Mkataba unaosema wazi kwamba jina la raia limetumika ili asiye raia amiliki ardhi hauhitaji hata kuchambuliwa, maana unajieleza wenyewe. Kwa maneno mengine, karatasi ambayo mgeni alitaka kuitegemea siku ya ugomvi ndiyo ambayo siku hiyo ingethibitisha kwamba hana haki, na pengine ingemletea maswali ya kibali chake cha ukaazi. Angekuwa na ulinzi zaidi kama asingeandika chochote, na huo nao si ulinzi.

Shemeji alikaa kimya kidogo, kisha akauliza swali zuri: kama wao wawili hawatagombana kamwe, mkataba batili unaharibu nini? Nilimjibu kwa kumwomba asahau ugomvi na afikirie mambo yanayotokea hata kwa watu wanaopendana.

Kifo ni la kwanza. Shemeji ni Mwislamu, ana mke mmoja na watoto wanne, na wazazi wake wote wawili wapo. Siku akifariki, msimamizi wa mirathi ataorodhesha mali zilizo kwa jina lake, na nyumba ya vyumba sita itakuwa mojawapo. Mke mwenye watoto hupata sehemu moja ya nane. Wazazi kila mmoja sehemu moja ya sita. Kinachobaki ni cha watoto. Hakuna sehemu ya kaka wa mke. Mgeni angelazimika kusimama mbele ya wakwe wa dada yake na kudai nyumba ya marehemu kwa mkataba batili, na dada yake angelazimika kuchagua asimame na nani kati ya kaka yake na watoto wake.

Deni ni la pili, na hapa shemeji mwenyewe alikiri kwamba ana mkopo wa biashara. Mdai anayeshinda kesi hukamata mali ya mdaiwa kama ilivyoandikwa, naye hana wajibu wa kujua ni nani aliyetoa fedha. La tatu ni talaka, jambo ambalo hakuna aliyetaka kulizungumzia mbele ya mwenzake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizochumwa kwa nguvu za pamoja za wanandoa, na nyumba iliyojengwa ndoa ikiwa hai, kwa jina la mume, ingeingia moja kwa moja katika hesabu hiyo. Dada angeweza kupata fungu lake. Kaka asingepata.

Baada ya maelezo hayo, mgeni hakuuliza tena juu ya mkataba wa pembeni.

Kiwanja chenyewe

Hata kama mnunuzi angekuwa raia, kiwanja kile kisingepaswa kununuliwa kwa bei ile. Kilikuwa hakijapimwa. Hakikuwa na namba, kitalu wala bikoni (alama za mipaka), na muuzaji alikuwa na karatasi ya mauziano ya miaka ya nyuma yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba watu waliuziana, lakini haithibitishi kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza. Kwa kiwanja kilichopimwa, njia ya kujua ni upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi: unatoa namba ya kiwanja au ya hati, unalipa ada, unapata jibu la maandishi linaloonyesha mmiliki, rehani na zuio lolote lililowekwa. Kwa kiwanja kisichopimwa hakuna cha kupekua, na kinachobaki ni kuwauliza majirani wa pande zote nne, kuangalia ramani ya mipango miji kama eneo limetengwa kwa makazi, na kumwita mpima.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa maji. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bahari. Tulipopima kwa kamba, mita hizo zilimeza zaidi ya nusu ya kiwanja, na sehemu iliyosalia ilikuwa kipande chembamba kinachopakana na njia. Ukingo wenyewe hautulii mahali pamoja. Ziwa Tanganyika hutoa maji yake kwa mto mmoja tu, Lukuga, unaoanzia pale pale Kalemie, na mvua zinapozidi miaka mfululizo maji hupanda polepole na kushuka polepole zaidi. Mwaka 2020 na 2021 yalipanda, na 2024 yakapanda tena, yakafunika nyumba na barabara za pwani Bujumbura, Uvira, Kalemie, na huku Kigoma yakasogea hadi maeneo ya gati na masoko. Mgeni alikuwa Kalemie maji yalipoingia mitaani, na aliyasimulia vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Ila alikiangalia kiwanja cha Kibirizi wakati wa kiangazi, dalali akiwa pembeni anazungumza juu ya reli.

Reli hiyo inastahili maneno machache, kwa kuwa katika Kigoma ya sasa hakuna bei ya ardhi inayotajwa bila yake. Mkataba wa kujenga kipande cha reli ya kisasa cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022, na kila muuzaji wa kiwanja anajua tarehe hiyo. Inawezekana kabisa kwamba treni itauchangamsha mji, kama ilivyofanya reli ya kwanza ilipofika hapa mwaka 1914. Lakini bei ya kiwanja hupanda kwa habari, ilhali kodi ya chumba hupanda kwa mshahara wa anayelala ndani yake. Mtu anayenunua leo kwa bei ya habari na kupangisha leo kwa kodi ya mishahara iliyopo anamlipa muuzaji faida ambayo yeye mwenyewe bado hajaiona.

Hesabu za vyumba sita

Tuliziandika hesabu upya, tukitumia takwimu za mgeni mwenyewe. Kiwanja na ujenzi ni milioni 58. Vyumba sita kwa 50,000 kila kimoja ni 300,000 kwa mwezi, yaani milioni 3.6 kwa mwaka iwapo hakuna chumba kinachokaa kitupu hata siku moja. Alikuwa ameishia hapo, akaridhika. Ukikadiria kwamba kila chumba kitakaa kitupu mwezi mmoja kwa mwaka, zinabaki milioni 3.3. Kodi ya mapato ya pango, kwa kiwango cha asilimia 10, inaondoa 330,000. Tukaweka 300,000 za matengenezo, ambazo kwa nyumba ya wapangaji sita na choo cha pamoja ni kidogo, pamoja na kodi ya jengo ya 18,000 kwa mwaka inayokatwa kidogo kidogo kwenye umeme wa LUKU. Kinachobaki ni kama milioni 2.65.

Kwa mwendo huo milioni 58 zinarudi baada ya takriban miaka 22. Mwenye hati anaweza kuvumilia miaka 22, kwa sababu mwisho wake bado ana nyumba. Mgeni wetu angekuwa akiisubiri faida yake kwa miaka 22 chini ya jina la mtu mwingine, akiomba mtu huyo asife, asifilisike na asiachane na mkewe. Wakati huo huo milioni 58 zingekuwa zimetoka kwenye saruji na mabati, biashara anayoijua, ambayo mzunguko wake huhesabiwa kwa wiki.

Hapo ndipo nilipomwuliza kwa nini hasa anataka nyumba. Alisema mzigo unaweza kuzama, faranga inaweza kuporomoka, lakini nyumba haihami. Ni hoja nzito, na sikutaka kuipuuza. Watu wengi wa pande zote mbili za ziwa wameiona akiba yao ikiyeyuka. Tatizo ni kwamba nyumba isiyohama humfaa mwenye nyumba, na katika mpango ule yeye hakuwa mwenye nyumba.

Njia zilizobaki

Njia ya kampuni tuliizungumza kwa muda mrefu. Kifungu cha 20 kinaihesabu kampuni kuwa ya kigeni pale wanahisa wengi wanapokuwa si raia, na kwa hiyo kampuni ambayo Watanzania wana hisa nyingi iko katika nafasi nyingine. Shemeji alichangamka: aandikwe asilimia 51, mgeni 49, mambo yaishe. Lakini kama shemeji hatoi mtaji, na kuna maelewano ya pembeni kwamba hisa zake si zake, tumerudi pale pale, tofauti ikiwa tu kwamba sasa tuna ada za usajili na taarifa za kila mwaka za kupeleka BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Na kama hisa hizo ni zake kweli, basi mgeni amempa shemeji wake nusu na zaidi ya akiba yake yote, na ana haki ya kujua kwamba hivyo ndivyo alivyofanya. Ubia wa kweli unawezekana pale mwenyeji anapoleta kitu, hasa ardhi yenye hati. Shemeji hakuwa nayo.

Lilitolewa wazo jingine, kwamba mgeni aache kujenga na badala yake awe anawatafutia nyumba Wakongomani wanaohamia mjini, apate udalali wa kodi ya mwezi mmoja. Wazo hilo lilifungwa na amri ya Julai 2025, iliyopiga marufuku wageni kufanya biashara 15, udalali wa biashara na majengo ukiwamo. Amri hiyo inamgusa pia Mtanzania anayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo. Nilimwonyesha vilevile kwamba uuzaji wa bidhaa kwa jumla na rejareja umo katika orodha, ili asije akashawishika kufungua duka la mabati pale Mwanga. Kununua Tanzania na kuuza Kalemie ni jambo jingine.

Iliyobaki ni kupanga. Alikuwa akilipia hifadhi ya mzigo kwa wiki katika maghala ya watu, na mara kadhaa alinunua saruji bei ikiwa juu kwa sababu tu hakuwa na mahali pa kuiweka ilipokuwa chini. Mmiliki mmoja, raia, mwenye kiwanja kilichopimwa na hati iliyopita salama kwenye upekuzi, alikuwa na ghala lenye paa bovu, mbali kidogo na maji. Walikubaliana 400,000 kwa mwezi.

Mmiliki alitaka mkataba wa miaka kumi. Sisi tulikataa, na sababu yake si ya kibiashara. Upangaji nao ni haki inayotokana na miliki ya mwenye ardhi, na haki za namna hiyo, zinapokwenda kwa asiye raia, sheria imezifunga na uwekezaji ulioidhinishwa. Mkataba mrefu ungeweza kuleta mjadala ambao hakuna aliyeuhitaji. Upangaji usiozidi mwaka mmoja Sheria ya Ardhi inauita wa muda mfupi, na hauhitaji kusajiliwa. Wakili aliyeuandika aliuweka wa miezi kumi na miwili, kwa maandishi, ingawa kwa muda huo hata makubaliano ya mdomo yanatambulika.

Muda mfupi ulileta shida yake, maana hakuna anayetaka kutengeneza paa la mtu kwa mkataba wa mwaka mmoja. Kwa hiyo matengenezo yaliwekewa kikomo cha milioni 2.4, na mgeni anajirudishia fedha hizo kwa kukata nusu ya kodi kila mwezi, hata mwaka unapokwisha awe hadai kitu. Mmiliki akivunja mkataba katikati, analipa salio la matengenezo ndani ya siku 30. Kipengele cha kodi ya zuio kilizua mabishano kuliko vyote. Mpangaji wa biashara anapaswa kuzuia asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato, kwa niaba ya mwenye nyumba, na mmiliki, kama wenye nyumba wengi mjini, alitaka 400,000 zake zifike mkononi zikiwa nzima. Mgeni angekubali kwa heshima, kwa kuwa bado ana tabia ya kukubali kwa heshima. Ikaandikwa kwamba 400,000 ni kabla ya zuio, kwamba zuio linahesabiwa kwenye pango lote pamoja na sehemu inayofidia matengenezo, na kwamba risiti za TRA zitakabidhiwa kwa mmiliki ili azitumie kwenye hesabu zake.

Advansi haikurudi yote. Muuzaji wa kiwanja alikuwa ameshaitumia, akarudisha milioni 2 na kuandika ahadi ya milioni 1. Shemeji aliona aibu mbele ya muuzaji, ambaye ni jirani yake, na kwa wiki kadhaa hakuja Mwanga. Dada ndiye aliyewakutanisha tena. Sasa shemeji ndiye msimamizi wa ghala kwa mshahara ulioandikwa, na nafikiri uhusiano wao uko imara zaidi kuliko ungekuwa chini ya ule mkataba wa pembeni, kwa sababu hakuna kati yao anayemshikia mwenzake siri.

Limebaki suala la uraia, ambalo mgeni alilileta mwenyewe. Sheria ya Uraia ya 1995 inamruhusu mtu kuomba tajinisi, yaani uraia wa kuomba, iwapo ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya ombi na, katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, jumla isiyopungua miaka 7, pamoja na sharti la kujua Kiswahili au Kiingereza, ambalo kwake ni jepesi. Akipewa uraia, kifungu cha 20 hakitamhusu tena. Lakini Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na ibara ya 10 ya katiba ya Kongo ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine. Ana nyumba Kalemie, yenye cheti cha usajili na wapangaji wawili, na haki ya kudumu iliyo chini ya cheti hicho hupewa Wakongomani peke yao. Siku atakayopata ruhusa ya kumiliki kiwanja Kigoma ndiyo siku atakayokuwa mgeni kwenye kiwanja cha Kalemie, na itambidi ajue mapema haki ile itageuzwaje au iuzwe kwa nani. Nimemshauri aulize swali hilo kwa wakili wa Kalemie kabla ya kujaza fomu yoyote huku. Bado hajauliza, mkataba wa ghala unaisha Juni, na kwa sasa anajadiliana na mmiliki juu ya kodi ya mwaka wa pili.